Karanga za Somo la Saba

Serikali ilipokipiga marufuku kitabu cha kujifunzia maandishi ya siri, Mwatunu alikichana, akawa anafungia karanga kwa kurasa zake. Kila mwanafunzi alinunua somo lake, akaenda zake akitafuna.

Leo askari alijichukulia kifurushi kilichofichwa kando ya jiko. Kilikuwa somo la saba.

"Zimeungua hizo, afande. Nikupe nyingine."

"Nataka hizi hizi."

Alizitafuna moja moja, macho hayambanduki Mwatunu. Zilipokwisha akaukunjua ukurasa, akausoma hadi mwisho, akautia mfukoni.

"Kesho," alisema kwa sauti ya chini, "niwekee somo la nane."

Akaondoka. Mwatunu akabaki ameushika ukurasa wa somo la nane juu ya makaa, vidole vikiungua.