Umaskini wa Siku Moja

Jokofu lilikwama mlangoni kwa bibi jirani, Mbah Ngatini. Pak Wagiman alilisukuma kwa nyonga, akimlaumu mkewe kwa kung'ang'ania la milango miwili. Televisheni ilikwishaingia. Pikipiki nyekundu, ambayo hata mvua haijaizoea, ilisimama kando ya kitanda cha bibi, imefunikwa shuka la sarong.

Karani wa wilaya alikuwa njiani, anakuja kuwapanga watu wa kichochoro kile: maskini, wa kati, wenye nacho. Maskini hupata mchele na fedha kila mwezi. Pak Wagiman alikuwa maskini tangu msaada uanze, na hakuona sababu ya kuacha kazi.

Mbah Ngatini, mjane mwenye nyumba ya mianzi na kuku mmoja, hakuwahi kupata hata punje. Nafasi za maskini ni chache, na mwenyekiti wa mtaa ana mashemeji. Pak Wagiman ni mmoja wao.

"Na ukiulizwa kama una pikipiki?" bibi alitaka kujua.

"Nitaapa sina, Mbah. Mbele ya mtaa mzima."

"Mbele ya mtaa mzima," bibi alirudia polepole, kama anayeonja chumvi ya mchuzi. "Haya, mwanangu, ingiza. Usinibomolee ukuta tu."

Karani alimkuta Pak Wagiman mkekani, shati limechanika mahali panapofaa. Mkewe alikohoa vizuri sana. Alikuwa amefanya mazoezi. Karani akakumbusha kwamba atakayeficha mali atarudisha msaada wote, kisha akajieleze polisi. Pak Wagiman akaapa. Majirani waliojaa dirishani wakang'ata midomo.

Ukutani pakapigwa rangi: FAMILIA MASKINI. Serikali ilidhani maandishi hayo yatawaaibisha wenye uwezo, wajitoe wenyewe. Pak Wagiman aliomba yakuzwe kidogo, yasomeke kutoka barabarani.

Kisha karani akaingia kwa Mbah Ngatini.

Roho ya Pak Wagiman iliruka, halafu ikatua. Kwani kuna nini? Bibi ataandikwa tajiri, basi. Msaada wenyewe hajawahi kuupata, ataukosaje? Karani alipotoka akipangusa midomo, amekunywa maji baridi, hakupaka rangi yoyote. Pak Wagiman alimhurumia bibi, huruma ya kujaa kijiko cha chai, akaenda kulala usingizi wa mchana.

Jioni, gari la wilaya lilipokwisha kuondoka, alivuka kichochoro akipiga mluzi. Mlango ulikuwa na kufuli jipya. Akachungulia dirishani. Mbah Ngatini alikuwa amekaa mbele ya televisheni, anatafuna barafu, na kuku wake amelala juu ya kiti cha pikipiki.

Pak Wagiman alinong'ona kwamba amekuja kuchukua vitu vyake.

Bibi hakuondoa macho kwenye televisheni.

"Sikusikii, mwanangu," alisema. "Hebu paza sauti, mtaa mzima usikie una nini na nini."