Kadi ya Sababu za Kifamilia

Mgeni alipiga hodi, akaingia, na jambo la kwanza alilofanya ni kuipa kompyuta mgongo.

"Mimi ndiye niliyekuuzia kadi," alisema akiutazama ukuta. "Nimeona unavyolalamika kwenye kundi la wauzaji mtandaoni. Nikasema nije mwenyewe."

Kijana mchoraji alibaki na kikombe mkononi. Kadi hiyo ya picha, ya kuipa kompyuta nguvu ya kuonyesha katuni na michezo, aliletewa na mtu wa mizigo. Muuzaji hakuwahi kumtia machoni. Tangazo lilisema ni ya mtumba lakini nzima, inauzwa kwa sababu za kifamilia. Dada yake alimwonya palepale: kila kitu kibovu duniani kina familia.

Na kesho asubuhi alitakiwa kupeleka katuni ya mfano, watoto wa shule wakivuka barabara. Ikipendwa, angepata kazi yake ya kwanza tangu ahitimu. Lakini kwenye skrini yake watoto hao walivuka kama waliopigwa ganzi. Alipangusa vumbi, akabadilisha feni, akafuta programu na kuziweka upya. Wapi! Hata kwenye ule mchezo wa mbio ambao watu hupimia kadi, magari yalijikokota kama yanakwenda mazikoni.

"Jionee mwenyewe, kaka," alisema, akaufungua mchezo. Injini zikanguruma.

Mgeni hakugeuka. Vidole vyake vilianza kuchezacheza, akavificha mifukoni. Jasho likamtoka.

"Nisimulie tu unachoona."

"Fundi gani huyu anatibu kwa masikio?" dada aliuliza kutoka kwenye kochi. "Au dhamiri inakusuta, shemeji?"

"Magari yanakwamakwama?" mgeni aliuliza.

"Yanakwamakwama."

"Na kadi ina moto?"

Mchoraji akagusa. "Baridi kama maji ya mtungi."

"Baridi?" Mgeni alitafakari, lakini mchoraji alikwishachemka.

"Keti hapa! Cheza raundi moja tu kwa hiyo kadi yako nzima. Ukikataa, jina lako lote naliweka kwenye kundi, na neno tapeli mbele yake."

Mgeni aliukazia macho ukuta. "Nina duka la simu. Wateja wangu wote wamo humo."

"Basi keti."

"Hapana."

"Raundi moja, kaka! Inakuuma nini?"

Mgeni alifumba macho. "Andika tu, mdogo wangu."

Mchoraji akaandika. Punde simu ya mgeni ikaanza kutetemeka mfukoni, na haikukoma.

Mgeni alirudi kinyumenyume hadi mezani, akapapasa nyuma ya kompyuta kama mtu atafutaye swichi gizani. "Waya wa skrini umeuchomeka kwenye tundu la kompyuta yenyewe. Kadi imekaa humo bure, haijafanya kazi hata siku moja." Aliuchomoa, akauchomeka kwenye kadi. "Zima, uwashe tena."

Mchoraji alizima, akawasha, akaifungua katuni. Watoto walivuka barabara, sketi zikipepea, hata kamba za viatu zikirukaruka.

"Digrii nzima!" dada alicheka akishika mbavu. "Digrii nzima, na waya mmoja!"

"Kaka, njoo uone!" mchoraji aliita. Lakini mgeni alishafika mlangoni, macho sakafuni.

Mchoraji aliufuta ujumbe. Ulikuwa umeshasambazwa kote. Akatoka mbio kumwomba radhi, na kwenye ngazi akasimama ghafla.

Chini, mwanamke mwenye kofia ya pikipiki alikuwa akimchunguza mgeni usoni.

"Hukucheza ule mchezo wako?"

"Sikucheza, mke wangu."

"Hata kuchungulia?"

"Hata kuchungulia."

Mwanamke alisogea mbele kwenye pikipiki, akamwachia nafasi nyuma yake. "Haya, panda. Twende kwa mama tukawarudishe watoto nyumbani."