Jicho la Samaki

Gari la kumpeleka mdogo wake Kinue polisi lilikuwa limeshawashwa, na kijana alikuwa akiinama kumuaga bosi wa genge lake. Alikuwa anakwenda kukiri kwamba ameua mtu bandarini Kobe, mtu aliyeuawa na bosi mwenyewe. Ndiyo desturi ya genge: mdogo humbebea mkubwa kifungo, naye huagwa kwa karamu.

Karamuni mwimbaji alikuwa akighani utenzi wa majambazi wa kale waliomfia mkubwa wao. Kinue alimpigia shamisen, gambusi la nyuzi tatu, nyuma ya pazia, kama ilivyo desturi ya wapigaji, akimtia nguvu kwa ukelele wake, "Yoo!"

Kwenye upenyo wa pazia akamwona bosi analichokoa jicho la samaki kwa vijiti na kulifyonza, huku analia kwa utamu wa utenzi. Machozi na mafuta vikakutana kidevuni.

Kinue akazishika nyuzi zisilie, na mwimbaji akakwama katikati ya ubeti.

"Nani ananiharibia karamu?" bosi akauliza, mdomo umejaa.

"Mkubwa, umeua wewe, anafungwa mdogo wangu. Hata kulia ulie wewe?"

Kijana akageuka, uso umemwiva kwa aibu. "Dada, usinivunjie heshima. Piga, niondoke kiume."

Kinue akazikata nyuzi zote.

Kijana alifia gerezani. Bosi alifia kitandani kwake, ameshiba. Kinue alifua nguo za watu hadi uzeeni, na samaki hakula tena. Mwimbaji aliitungia siku ile utenzi, ukavuma redioni. Humo dada anapiga shamisen mpaka mwisho, akilia kwa fahari.