Teke la Mwana wa Punda

Zamani, wanyama wote walipokuwa majirani, Bi Punda alikuwa mjamzito. Mimba ya kwanza ilimharibikia ikiwa kubwa, basi safari hii, kila mtoto akitulia tumboni, mama alitimua mbio hadi kwa mkunga, Bi Kobe.

"Bibi wee, hachezi!"

"Lala ubavu, mwanangu. Hizo mbio zako ndizo bembea yake. Unambembeleza mwenyewe, kisha unalia kwamba kalala?"

Punda akajilaza, machozi yanamtiririka. Kobe akajikokota mpaka tumboni, akatega sikio. Kimya. Akalibandika barabara.

Puu! Teke likatoka ndani, likamrusha mkunga, akaanguka chali, miguu minne ikipiga hewa.

Punda akaangua kicheko, na tumbo zima likacheza ngoma.

"Na kesho akinyamaza tena?" akauliza, hofu haijamwisha.

"Njoo tena, mama, hata mara mia. Ila kwanza nigeuze!"

Mtoto akazaliwa mzima, akirusha mateke. Ndiyo maana hadi leo Kobe akisikia kwato, huficha kichwa kwanza, ndipo huuliza: "Kacheza leo?"