Njia ya Kiti Changu

Kiti changu cha magurudumu kiligota kwenye shina la muwa, mlango wa nyumba ukiwa bado karibu nyuma yangu. Nilijaribu kurudi, gurudumu moja likazama kwenye udongo uliolimwa. Majani ya miwa yalinichana vidole.

Hapa ndipo palipokuwa na njia ya kwenda msituni. Siku hizi kila mtu anapanda miwa, na mume wangu, Phanuel, aliipanda hadi juu ya njia yenyewe. Sasa imesimama mbele yangu kama ukuta.

Ng'ambo ya shamba, wenzangu wa kikundi cha kutazama ndege, wanaoishi upande ule wa msitu, waliniita. Mmoja hutembea kwa magongo, mwingine ana kiti kama changu.

"Njoo upesi. Yule ndege mkubwa wa buluu ametua."

Phanuel alitoka nyumbani na panga mkononi.

"Nitakubeba mgongoni, mama watoto."

"Halafu uniketishe chini kama gunia? Ndege akirukia upande wa pili, nani atanigeuza?"

"Basi ngoja tuvune."

"Lini?"

"Mwakani, trekta za kiwanda zikifika."

Nilitazama vidole vyangu. Damu ilikuwa imepakaa kwenye ukingo wa gurudumu.

"Nipe hilo panga."

Alinipa akitabasamu, akidhani nataka muwa wa kutafuna. Nikaukata ule ulionizuia. Akainama kuuokota.

Wa pili niliukata nikimtazama usoni.

Nilipoinua panga kwa wa tatu, hakuwa akitabasamu tena.