Arobaini za Pikapu

Pikapu ilikataa kuwaka kwa mara ya sita Jumatatu asubuhi, Tess akiwa keshafunga mkanda, begi la shule mapajani. Na babu yake, Arden, alikuwa ameikagua injini nusu saa tu kabla.

"Mshushe mtoto," Arden alisema.

Hakutukana, hakupiga usukani. Alishuka, akafungua boneti tena na kuinamia injini, huku mkewe LaVonne akiingia ndani kupiga simu ya gari la kuvuta. Namba alikuwa nayo kichwani.

Kisha LaVonne akachukua kalamu nyekundu na kuzungushia tarehe kwenye kalenda ya jikoni. Duara la kwanza lilikuwa la tarehe tano Machi, na sasa ni Septemba. Zamani alikuwa akizungushia kwa hasira mpaka karatasi ichanike. Siku hizi alifanya kama mtu anayefunga vifungo vya shati.

Gari lenyewe jipya, jamani! Lilikuwa halijatimiza hata miezi miwili lilipoanza vituko, tena vituko visivyo na kichwa wala miguu. Likifikishwa kwa wauzaji, maili ishirini kutoka shambani, linawaka kwa mpigo mmoja.

"Kwetu linaimba, mama," alisema Brody, mpokea magari wa gereji yao, mtu mzima mwenye kipara na maneno mengi. "Betri tumebadilisha. Pampu ya mafuta tumebadilisha. Nyaya tumebadilisha. Hebu niambie, wewe limewahi kukukatalia?"

"Mimi? Hata siku moja."

"Basi lina ugomvi na mzee. Mzee Novotny, ulimfanya nini mwenzio?"

Arden alitazama viatu vyake. Mwaka jana Brody asingeondoka salama na mzaha kama huo. Arden alikuwa fundi wa kumrudishia mtu maneno yake na nyongeza juu.

Hilo ndilo lililomkaa LaVonne rohoni. Mumewe aliyekuwa akipiga mluzi toka kitandani hadi zizini alinyamaza mwezi ule ule wa Machi, gari lilipoanza ugonjwa. Alikula, akashukuru, akakaa. Walipotumia kigari kikuukuu cha LaVonne, alipanda upande wa abiria bila kuambiwa, yeye ambaye kwa miaka arobaini na minane ya ndoa hakuwahi kumwachia mkewe usukani wakiwa safari moja. LaVonne hakulia. Machozi yalimwishia Julai. Alikuwa na wazo moja tu lililobaki: gari hili limenilia mume wangu, na likiondoka, mume wangu atarudi.

Siku za mwizi ni arobaini, na kwa sheria ya jimbo lao, za gari bovu vilevile. Gari jipya likilala gereji siku arobaini ndani ya mwaka wake wa kwanza, kampuni hulichukua tena na kumfidia mnunuzi. LaVonne akahesabu kwenye kalenda siku ambazo pikapu ililala gereji: thelathini na moja. Akaoka kolachi, skonzi tamu za kwao, akazijaza jamu ya plamu, akampelekea Brody sahani nzima.

"Hiyo spea mnayoisubiri kutoka kiwandani," alimwambia taratibu, "isubirini. Wala msiwasumbue."

"Mama wewe!" Brody alicheka, mdomo umejaa. Lakini spea ilichelewa.

Siku ya arobaini na mbili waliitwa. Bi Pruitt, mwakilishi wa kampuni, aliwawekea karatasi mbili mezani.

"Poleni kwa usumbufu. Chagueni wenyewe. Pesa zenu zote, au pikapu nyingine mpya, rangi mnayoitaka."

LaVonne alikuwa keshashika kalamu juu ya karatasi ya pili. Arden akaifunika kwa kiganja.

"Pesa, mama."

"Na Tess atapelekwa shule na nani?"

"Na wewe."

"Arden, hiyo nyingine haitakuwa na ubovu huu!"

"Nimesema pesa." Sauti ilikuwa ya chini mno, hata Bi Pruitt akageuka kutazama dirishani.

LaVonne akatia saini. Arden akatoa ufunguo, akaupapasa kwa kidole gumba, kisha akausukuma mezani. Amechoka, LaVonne aliwaza, miezi yote hii si mchezo. Akaendesha kigari kurudi nyumbani, mzee kando yake.

Siku ya kwanza alisubiri kusikia mluzi. Kimya. Akajiambia mtu hapoi kwa siku moja. Siku ya pili, Tess alimwomba babu yake ampigie mluzi ule wimbo wake wa kuitia ng'ombe. Arden akambusu kichwani, akatoka nje.

Siku ya tatu LaVonne alikusanya nguo za kufua. Akachukua koti la kazi la mumewe na kupekua mifuko kama kawaida yake, maana Arden hakosi kusahau misumari humo. Kwenye mfuko wa ndani vidole vyake vikagusa karatasi iliyokunjwa mara nne. Alipoikunjua, kikadondoka kitu kidogo sakafuni. Ilikuwa fyuzi ya gari, iliyoungua, ya aina ambayo ikichomekwa gari haliwaki, na miguu yake imekwaruzika kwa kuchomekwa na kuchomolewa.

Karatasi ilikuwa ya daktari wa moyo. Bwana Novotny anazimia ghafla bila dalili yoyote; asiendeshe gari tena. Juu pembeni palikuwa na tarehe: nne Machi.