Karata za Mjomba wa Redioni

Msusi alikuwa anampigia ramli mtu asiye na baba wala mama, asiyekula wala kulala, na bado mtaa mzima ulimchukia. Mjomba Tajiri huyo, yule wa mchezo wa redio.

"Si unipigie mimi?" akasema dada yake, mwenye saluni, huku akifagia nywele.

"Watu wa kweli nawaogopa, dada. Nikiona msiba nitawaambiaje? Hawa wa redioni hawawezi kuja kunitolea macho. Ndio nafanyia mazoezi."

Na mazoezi yalikuwa yamemkolea. Alisema mjane wa mchezo huo ataiba saa ya hakimu. Wiki ileile mjane akaiba. Alisema hakimu atatoroka na nesi, wakatoroka. Basi kichwa kikamvimba. Akataka kutupa kitana, akafungue chumba chake cha ramli.

"Leo tumalize ubishi," dada akasema. "Tabiri kitu cha ajabu. Kikitokea redioni jioni, nenda na baraka zangu. Kisipotokea, karata hizo nawashia jiko."

Mama mmoja, mteja wa kila wiki, aliinua kichwa chake kilichosukwa nusu. "Hebu harakisha, mwanangu. Kwa Mjomba inakuwaje?"

Msusi akapindua karata ya kwanza: mnara unabomoka. Ya pili: wapenzi wawili. Akajikuna, maana havikupatana hata kidogo.

"Ataanguka kutoka juu ya ngazi," akasema, "halafu... halafu atamwoa mpishi wake!"

Dada alicheka mpaka akaushikilia ufagio asianguke. "Bahili yule? Aoe? Mdogo wangu, kitana chako hiki hapa."

Mteja hakucheka. "Rudia. Ngazi, halafu mpishi?" Akatupia jicho saa ya ukutani. "Mungu wangu!" Akatoka mbio, nywele za upande mmoja zimelala, za upande wa pili zimesimama kama zimeona jini. Kilemba chake kikabaki kitini.

Msusi akakinyakua, akamfukuzia barabarani, akapanda naye ghorofa moja, mbili, mpaka kwenye chumba chenye vipaza sauti, watu wamekaa roho juu.

"Afadhali umefika!" mmoja wao akanguruma, kwa sauti ileile ya Mjomba Tajiri. "Tunarekodi sasa hivi na hatuna hata neno. Leo nafanya nini?"

"Unaanguka kutoka juu ya ngazi," mteja akajibu akihema, "halafu unamwoa mpishi."